Mteja Asiyekataa Kitu

Mteja wangu hakujua kwamba ana wakili. Siku ya kwanza nilipokwenda kumwona nilimweleza taratibu, kwa maneno mepesi, kwamba mahakama ya Kwale imeniteua nimsemee, kwamba watoto wake wawili wanavutana juu yake, na kwamba mimi si wa huyu wala si wa yule, ni wake peke yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akaniuliza kama mama yangu hajambo, na kama huko nitokako kumenyesha.

Nikamwambia mama hajambo, na Mkongani kumenyesha kidogo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Mvua ni baraka."

Basi hayo ndiyo yakawa maagizo yangu ya kwanza kutoka kwa mteja. Nilishuka ngazi nikijiuliza nitakwenda kumwambia nini jaji.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Kesi zangu nyingi ni za mashamba na mirathi, na nimezoea wateja wenye midomo: wanaonipigia simu alfajiri, wanaonidanganya mchana kweupe, wanaoniambia mbele ya watu kwamba wakili wa upande wa pili amesoma kunishinda. Hao nawaweza. Kinachonipandisha ni kumsikia mtu mzima akisemwa mbele ya macho yake mwenyewe, amekula, hajala, amelala, hakulala, kama kwamba yeye ni kabati lililowekwa pale ukutani. Ndiyo maana nilipoombwa kulichukua jukumu lile sikujivuta. Nilidhani nakwenda kugombana na watu, na kugombana najua.

Mama mwenyewe, huyo mteja wangu, alikuwa mtu wa Bodo. Ndiko alikozaliwa, ndiko alikoolewa, ndiko alikomzika mumewe, na nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa kijiji, karibu na mikoko. Ugonjwa wa kusahau ulimjia polepole. Kwanza ulichukua majina ya watu, halafu ukachukua vyungu vilivyokuwa motoni, halafu ukaanza kuchukua watu wenyewe, mpaka wanawe akawa anawaita "baba" na "mwanangu" kama anavyomwita mpita njia yeyote. Binti yake, aliyekuwa akiishi ua wa pili, ndiye aliyekuwa akimtazama. Siku moja binti akampeleka mtoto hospitali ya Msambweni, na jirani aliyeachiwa mama akasinzia. Mama akatoka, akashika njia ya mikokoni kama alivyokuwa akienda ujanani kutafuta kuni. Wavuvi waliokuwa wakirejea wakamkuta amezama topeni hadi magotini, na maji yameshaanza kujaa.

Jioni ile ile mwanawe wa kiume alifika. Yeye alikuwa akifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, akikaa Ukunda. Hakumsikiliza dada yake hata kidogo. Alimtia mama garini na nguo zake alizovaa, akaondoka naye. Dada akalia kwamba amenyang'anywa mama. Kaka akasema afadhali anyang'anywe mama akiwa hai. Maneno yakawa maneno, na mwisho kaka akaenda mahakamani kuomba awe mlezi wa kisheria wa mama yake, yeye peke yake, ili amri ya wapi mama aishi iwe mkononi mwake moja kwa moja. Dada naye akatafuta wakili akapinga. Jaji alipoziona zile karatasi akauliza swali moja: huyu ana wakili, na yule ana wakili, mama mwenyewe ana nani? Ndipo nikaitwa mimi.

Nilikwenda Ukunda nimejiandaa kumchukia yule mwana. Hakunipa nafasi. Nyumba yake ilikuwa ya ghorofa, safi, sakafu ya vigae, madirisha yana vyuma. Chumba cha mama kilikuwa na kitanda kipya na chandarua. Yeye mwenyewe alikuwa ameomba zamu za usiku hotelini ili mchana awe na mama yake, na mkewe ashike usiku. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni na beseni la maji ya uvuguvugu, anamkata mama kucha za miguu. Alizikata kwa uangalifu mkubwa, ulimi umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Hapa hana shida, wakili," akaniambia. "Hakatai chakula, hakatai dawa, hakatai kuoga. Hajaniambia 'sitaki' hata siku moja. Nikimpa maji ananiambia ahsante baba, Mungu akuzidishie. Muulize mwenyewe."

Mama akatabasamu, akaitikia kwa kichwa.

Ripoti ya daktari wa akili nayo ilisema hivyo hivyo: mama hawezi tena kujiamulia mambo makubwa, lakini ni mtulivu, ana ushirikiano, na aonekana kuridhika hapo alipo. Nilimuuliza mwenyewe. Nilimsogelea, nikamshika mkono, nikamwomba mwanawe atupishe kidogo.

"Mama, ungependa kukaa hapa?"

"Naam, mwanangu."

"Au ungependa urudi kwako Bodo?"

"Naam, mwanangu."

"Na nikikuchukua nikupeleke Nairobi?"

"Naam. Mungu akipenda."

Nilicheka, na yeye akacheka kwa kuwa mimi nimecheka. Lakini moyoni nilikuwa nimeudhika. Sheria inanitaka nipeleke mbele ya jaji yale anayoyataka mama, si yale ninayodhani mimi kwamba yatamfaa. Sasa mtu anayeitikia kila kitu utamsemeaje? Ningeweza kusimama nikasema anataka kukaa, na nisingekuwa nimesema uongo. Ningeweza kusema anataka kurudi, pia nisingekuwa nimesema uongo. Wenzangu wawili waliokuwa upande wa pili na wa tatu walikuwa na kazi rahisi, wateja wao walijua wanalolitaka na walilisema kwa sauti kubwa.

Nikaenda Bodo. Binti alinipokea na ufagio mkononi. Nyumba ya mama ilikuwa tupu, lakini ua umefagiwa, mkeka umetandikwa, mtungi umejaa maji. Alikuwa akiyafanya hayo kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye shughuli zake. Hakujitetea kuhusu siku ile ya mikokoni. Alisema tu kwamba hadi leo akilala anaona yale maji. Nilipotaka kuiona njia yenyewe, akanitazama viatu vyangu akasema, "Wewe mtu wa mashambani, ishia hapo hapo. Ukizama, nitashtakiwa na kwa ajili yako." Nilisimama ukingoni nikalitazama lile tope jeusi, nikamwelewa kaka yake vizuri kuliko nilivyotaka. Kama angekuwa mama yangu, labda ningemfungia mlango na ufunguo nikaumeza.

Hilo ndilo lililonitia hofu. Nilianza kuona kwamba siku ya kesi nitasimama na kumsemea mama yangu mwenyewe wa Mkongani, aliye mzima na akili zake timamu, na huyu mama wa watu atabaki vile vile bila msemaji.

Safari ya tatu nilikwenda Ukunda bila maswali. Nilifika alasiri, nikaketi sebuleni, nikaamua nitakunywa chai na kutazama. Mama alikuwa ameketi mwishoni kabisa mwa kochi, pale ambapo mtu huketi kama hataki kuchafua. Leso yake ilikuwa kichwani na nyingine kiunoni, ndani ya nyumba, katika joto lile. Aliletewa mahamri na mbaazi. Akala polepole, akabakisha kipande, akasema ameshiba, mikono iliyopika isipungukiwe. Baadaye akataka maji. "Kama mnayo," akasema, "msihangaike." Mkwe wake alipita na rundo la vyombo na mama akakunja miguu kumpisha, akamwomba radhi.

Niliyaona yote hayo na bado sikuona kitu. Nilijisemea, mama ana adabu zake za kizamani, mashaallah.

Jua lilipoanza kushuka nikaaga. Nilisimama, nikasema, haya jamani, nami mtanipa ruhusa. Na mama akasimama. Alisimama kwa haraka ambayo sikuwa nimeiona kwake, akafunga leso yake vizuri, akanishika mkono.

"Ngoja tufuatane, mwanangu," akaniambia. "Jua limekwenda, na mimi kwangu nimerudishia mlango tu." Kisha akamgeukia mwanawe, akampa mkono. "Haya baba, ahsanteni sana. Mmenikirimu. Mungu awazidishie."

Mwanawe akamshika bega kwa upole. "Bado, mama. Kaa kidogo. Chai inakuja."

Mama akanitazama mimi, akatazama mlango. Halafu akarudi akaketi pale pale mwishoni mwa kochi, na ile leso hakuilegeza.

Yule mwana akanisindikiza mpaka kwenye ngazi. "Kila jioni ni hivyo," akaninong'oneza. "Hatubishani naye. Tunamwambia kaa kidogo, naye anakaa. Hana ubishi kabisa."

Niliingia garini nikashindwa kuwasha moto. Bodaboda zilikuwa zikipiga honi, mtu wa viazi karai akanigongea kioo, nami nalia waziwazi kama mtoto. Nimelelewa Kwale hii hii. Nani kwetu akiambiwa na mwenyeji kaa kidogo, akasema sikai? Mimi mwenyewe nimekula sahani ngapi za wali nisiokuwa na njaa nao, nimekaa kwenye mazungumzo mangapi ya watu huku roho iko nyumbani, kwa sababu mwenye nyumba amesema bado. Mama alikuwa amesahau majina, amesahau mwaka, amesahau hata huyu aliyemkata kucha ametoka tumboni mwake. Adabu ya mgeni hakuisahau. Na kwa adabu hiyo alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda kwake kila jioni, na kila jioni alikuwa akizuiwa na watu wanaompenda.

Siku ya kesi tulikutana Kwale mjini, kule juu kilimani kwenye upepo. Jaji alikuwa mwanamke, si mtu wa huku, lakini alikuwa msikivu. Aliagiza mama aletwe, na mama akaketi ubavuni pangu, amevaa buibui jipya alilonunuliwa na mwanawe. Jaji kabla ya yote akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na watoto?"

"Hawajambo. Mama, wajua hapa ni wapi?"

Mama akatazama dari, akatazama mapazia, akatutazama sote tulivyojipanga na suti zetu.

"Si kwenu?" akasema. "Pazuri sana. Mungu awabariki."

Watu walicheka kidogo, na hata jaji. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua mteja wangu amenifungulia mlango. Nilipopewa nafasi nilisimama nikasema kwamba sina neno la mama la kuwaletea, maana maneno yake yote ni naam. Nikaeleza nilivyoona. Kochi. Leso. Kipande cha hamri. Maji "kama mnayo". Nikaeleza vile alivyosimama akitaka tufuatane. Nikasema, mheshimiwa, mteja wangu hajui yuko wapi, lakini anajua kwa hakika kwamba hayuko kwake, na kila jioni anaomba kwenda. Ombi hilo ndilo ninalolileta hapa, naliomba kwa niaba yake.

Wakili wa mwana alisimama akanijibu vizuri, kwa haki yake. Alisema adabu si ushahidi. Alisema mama wote wa Pwani huongea hivyo, na tukianza kuhesabu vipande vya mahamri hatutamaliza. Zaidi ya yote, akasema, tope lile la Bodo halina adabu.

Jaji akamwomba mwana mwenyewe asimame.

"Nataka unisaidie," akamwambia. "Mama yako kabla hajaugua, akiwa kwake, akitaka maji, alikuwa akiomba hivi alivyoeleza wakili?"

Yule mwana akamtazama mama yake, na mama akamtikisia kichwa kwa heshima, kama mtu anayesalimiana na asiyemjua.

"La, mheshimiwa," akasema. "Mama yangu alikuwa mkali." Na nikaona kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze kwamba uso wake umechangamka. "Mkali sana. Alikuwa akiniita toka jikoni na kijiji kizima kinasikia. Nimekwenda kwake na suti yangu ya kazi akanituma kuni. Maji hakuyaomba, aliyaamrisha." Akamgeukia tena mama yake. "Tangu nimchukue hajanigombeza. Mimi nilidhani ugonjwa umempoza. Nilikuwa nikimshukuru Mungu."

Aliketi. Wakili wake akamwinamia kumwambia kitu, naye akaukunja mkono kumzuia. Upande wa pili wa chumba dada yake alikuwa amejifunika uso na ushungi, mabega yanamtikisika.

Jaji hakumnyang'anya mtu mama. Alisema mama arudi nyumbani kwake, na watoto wote wawili wawe walezi wake kwa pamoja. Asiachwe peke yake saa yoyote, upande wa mikokoni ujengwe ua na lango la komeo, na siku za mapumziko ya kaka ziwe zamu yake Bodo. Akaniagiza mimi niwepo siku ya kurudi, nimwandikie nilichoona. Nilitoka pale sina furaha ya kushinda. Nilikuwa na woga. Nilikuwa nimewaaminisha watu wote, na jaji pamoja nao, kwamba mama anapataka kwake. Kama nimekosea je? Kama kwake anakokuomba kila jioni ni mahali palipokwisha ondoka zamani, mumewe hai, wanawe wadogo, mahali ambapo hakuna amri ya mahakama inayoweza kumfikisha?

Siku yenyewe walikuja na gari la mwana. Ua ulikuwa umeshajengwa, miti bado inanukia ubichi. Mama alishuka, akamshukuru mwanawe kwa kumpakia, akamwombea safari njema. Kisha akasimama katikati ya kiwanja chake mwenyewe na mkoba wake kifuani. Alitazama nyumba. Alitazama ua mpya. Hakusogea. Binti yake akataka kwenda kumshika mkono, kaka yake akamzuia kwa macho, na sote tukabaki tumesimama kwenye jua, hakuna anayejua la kufanya. Nilianza kuyatunga kichwani maneno ya kumwandikia jaji kwamba nilikosea.

Mama akaenda mlangoni. Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango kwa nyonga, kwa kuwa ulikuwa na tabia ya kukwama pale chini, akaingia. Nilipomfuata nilimkuta ameshavua leso ya kichwani ameitupa juu ya kitanda cha kamba, na nywele zake nyeupe ziko wazi. Zilikuwa nywele ambazo sikuwahi kuziona. Akapita moja kwa moja mpaka jikoni. Tukasikia sufuria zikigongana.

"Nani kaniwekea mbuzi huku juu?" sauti ikatoka. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, yenye kutu na nguvu. Binti akakimbia kuteremsha ile mbuzi ya kukunia nazi.

Mama akarudi, akaniona nimesimama. "Karibu, mgeni," akaniambia. "Karibu kitako. Umetoka mbali?" Akanivutia mkeka kwa mguu.

Yule mwana alikuwa amesimama mlangoni na begi la nguo za mama yake, viatu vyake vyeusi vya kazi vimekanyaga ncha ya mkeka. Hakuthubutu kuingia wala kutoka. Mama akamwona. Akavitazama vile viatu, akampandisha macho mpaka usoni.

"Na wewe!" akasema. "Viatu juu ya mkeka wangu? Umelelewa wapi wewe? Vua! Kisha ushike ndoo ukateke maji, au unangoja mgeni ndiye akateke?"

Yule mwanamume mzima akaliweka begi chini, akainama akafungua kamba za viatu. Aliponiinulia uso ulikuwa umelowa wote.

"Umesikia, wakili?" akaniambia. "Amenigombeza."

Akachukua ndoo akaenda kisimani peku.